Kelele za jirani kupitia ukuta: angalia juu ya dari kwanza

Pole dadangu wa Migosi, hapa Kisumu, uliyeuliza jinsi ya kuzuia kelele za jirani, kusikia redio yake ni kama iko kwako si mchezo. Lakini hizo trei za mayai unataka kubandika ukutani achana nazo, zinapunguza tu mwangwi ndani ya chumba chako, sauti ya jirani itapita vile vile (na mende watakushukuru). Panda juu ya dari uchungulie, ploti nyingi huku Kisumu ukuta wa katikati unaishia hapo haufiki mabati, sasa sauti inaruka juu inashuka kwako, na kama ni hivyo ongea na landilodi ajengee matofali hadi juu, pesa ianzie hapo kabla ya kitu kingine. Nyufa pia ziba. Ikibaki bado, fundi asimamishe fremu ya mbao isiyogusa ule ukuta, ndani ajaze rokwuli (pamba ya nyuzi za mawe inayomeza sauti), mbele apige bodi za jipsamu tabaka mbili na kingo zote azibe na silikoni, chumba kitapungua kidogo lakini utalala. Besi ya sabwufa (ile spika ya mdundo mzito) ndio ngumu kuzuia, hapo mwombe tu jirani aisogeze sabwufa mbali na ukuta.