Maswali ya Bustani: Mwasmini Wakataa Kushika

*Mwanangu yuko Uingereza, ataka kuniletea mche wa lilaki, yale maua ya zambarau yanayonukia. Utashika hapa Likoni? – Mama, Likoni*

Mwambie asijisumbue, mama. Tumba za mlilaki hazifumbuki mpaka zipitiwe na baridi kali wiki kadhaa, na Mombasa hata usiku wa Julai huzunguka nyuzi 20. Utapata majani tu. Isitoshe, mche wa kutoka nje wahitaji kibali cha KEPHIS, shirika la serikali linalokagua afya ya mimea, kabla haujasafirishwa. Ukitaka harufu, panda mwasmini.

*Nimekata matawi ya mwasmini wa jirani mara tatu, nikayachomeka kwenye ndoo ya mchanga wa ufuoni. Yanakuwa meusi chini, kisha majani yapukutika. – Kisauni*

Mchanga wa ufuoni una chumvi, na ndoo isiyotobolewa hutuamisha maji. Hapo tawi halina la kufanya ila kuoza.

Chukua mchanga wa mto na mboji iliyooza vizuri, nusu kwa nusu, kwenye chombo chenye matundu. Chagua tawi lisilo na maua, lililoanza kukomaa: ukilipinda lapindika kwa ubishi, si laini kama la juzi wala si gumu la kahawia. Kata sentimita 12 hivi, lenye vifundo vitatu (pale majani yanapotokea), kwa wembe mkali, chini kidogo ya kifundo, maana mizizi hutokea hapo. Ondoa majani ya chini, bakisha mawili ya juu na uyakate nusu yasipoteze maji mengi. Toboa shimo kwanza kwa kijiti ndipo uchomeke. Ukilisukuma tawi lenyewe, ganda huchubuka na ukungu hupata mlango.

Funika kwa chupa ya maji ya lita 5 iliyokatwa kitako, kifuniko ukiache wazi, kisha weka kivulini. Mchanga uwe na unyevu, usirowe. Mizizi hutoka baada ya wiki 4 hadi 6. Usiling'oe kuchungulia! Livute kidogo tu: likishikilia, limeota.

Kama jirani ni mwema, kuna njia ya uhakika zaidi. Pinda tawi la chini likiwa bado mtini, kwangua ganda upande wa chini penye kifundo, fukia sentimita 5 na ulikandamize kwa jiwe. Anza masika; baada ya miezi mitatu hivi ukate.

*Mwasmini wangu una majani mengi, machanga yana umanjano, mishipa imebaki kijani. Maua hakuna. – Mji wa Kale*

Umanjano huo ni upungufu wa madini ya chuma. Ardhi yetu ya matumbawe ina chokaa nyingi, nayo huyafunga madini hayo mizizi isiyapate. Maji ya kisima huzidisha. Hamishia mti kwenye debe la lita 20 lililotobolewa: udongo mwekundu sehemu mbili, samadi ya mbuzi iliyooza moja, mchanga wa mto moja. Mwagilia maji ya mvua ukiyapata.

Kuhusu maua, kama watia mbolea ya yurea, iache, huleta majani. Hakikisha mti wapata jua saa sita kwa siku, kisha punguza matawi kwa theluthi moja, kwani asmini huchanua kwenye vichipukizi vipya. Ukichuma za kutunga, chuma alasiri tumba zikiwa nyeupe na bado zimefumba. Zitafunguka zenyewe magharibi.