Muulize Mwalimu: Kiti cha pweza ndugu yetu kuliko pweza?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mie nachokoa pweza huku Jambiani, bamvua likifika natoka na wenzangu mwambani mpaka maji yanapoanza kurudi. Mdogo wangu yuko fomu tri, juzi kaniambia eti kiti cha pweza, yule mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota, hakina ubongo wala moyo wala damu, halafu eti ni ndugu yetu sisi binadamu kuliko pweza. Nikamwambia mwalimu wenu kawadanganya. Pweza ana macho, ana akili, ukimkosa leo kesho kahama shimo, sasa kile kiti kimelala tu mchangani kitakuwaje ndugu yangu? Tuamulie. – Mama Wawili, Jambiani

JIBU: Marahaba Mama Wawili. Mdogo wako kasema kweli, na wewe pia kwenye akili za pweza uko sahihi kabisa, ila akili sio zinazoonyesha undugu.

Tuanze na huyo unayemjua. Ule mfuko unaoupindua ndani nje ukitoa uchafu, ambao kila mtu anauita kichwa, sio kichwa, ni kiwiliwili, mle ndo kuna tumbo na mfuko wa wino na matamvua na mioyo mitatu, miwili inasukuma damu kwenye matamvua na mmoja unaipeleka mwili mzima. Kichwa chenyewe ni pale kwenye macho tu, na minyiri, yani mikono yake, inaanzia hapohapo. Ubongo umelizunguka koo kama pete, yani kila tonge analomeza linapita katikati ya ubongo. Na kama theluthi mbili ya neva zake zipo kwenye minyiri, ndo maana mnyiri ukishaukata unaendelea kukung'ang'ania mkono. Damu yake inabebea oksijeni kwa shaba, yetu kwa chuma, kwa hiyo ni ya kibuluu, na ndo maana ukimpasua huoni wekundu.

Sasa bamvua lijalo chukua ndoo ya maji ya bahari, weka kiti cha pweza humo humo majini (usikiache juani, maji ndo uhai wake, nitakwambia kwanini), kigeuze chali halafu subiri kidogo bila kukigusa. Kwenye kila mkono utaona mfereji, na ndani ya mfereji vimiguu laini kama vinyuzi, mamia, vinarefuka na kufupika vikitafuta pa kushika. Vimiguu hivyo vinasukumwa na maji. Juu mgongoni, pembeni kidogo ya katikati, kuna kidoa kigumu, maji ya bahari yanaingilia pale na kusambaa kwenye mabomba ya ndani mpaka kwenye miguu. Hakina moyo kama wetu, na ubongo hakina, kina pete ya neva kuzunguka mdomo na uzi mmoja kila mkono. Mdomo uko chini katikati, na aina nyingi zikikuta chakula zinalitoa tumbo nje kupitia mdomoni zinakimeng'enya hukohuko nje, halafu linarudi ndani.

Undugu sasa. Huo unautazama pale mnyama anapoanza kuumbika ndani ya yai. Kiinitete kikiwa bado kidonge cha seli kinabonyea na kupata tundu la kwanza. Kwenye kundi la konokono na chaza, ambalo pweza yumo, kwa kawaida mdomo unatokea upande wa tundu hilo. Kwetu sisi, na kwa samaki na kuku na kiti cha pweza, tundu la kwanza linakuwa njia ya haja kubwa, mdomo unatoboka baadaye kwingine. Vipimo vya vinasaba navyo vimekuja kusema hivyohivyo. Na ile nyota ya mikono mitano imekuja ukubwani tu mama, kitoto chake kinaelea baharini kikiwa na kulia na kushoto kama mwanao, halafu kinatua chini na kujiumba upya.

SWALI: Mwalimu, jongoo bahari anapumulia wapi? Wazee huku wanasema kwa nyuma, nikajua ni utani. – Msomaji, Shimoni

JIBU: Sio utani ndugu yangu, wazee wako wanajua. Wengi wao wanavuta maji kwa tundu la nyuma mpaka kwenye mirija iliyotawanyika ndani kama matawi ya mti, wanachukua oksijeni, wanayatoa. Na huyu ni wa ukoo mmoja na kiti cha pweza hapo juu japo umbo ni la tango. Siku ukimuona anapasuliwa, tazama upande wa ndani wa ngozi yake, hesabu ile mikanda ya misuli inayoshuka toka mdomoni mpaka mkiani, utakuta ni mitano.