Maswali yenu: Chrome, vizuizi vya matangazo na bando lako

Kizuizi changu cha matangazo, uBlock Origin, kimezimwa kwenye Chrome ya laptopu. Ni virusi? (Msomaji, Wandegeya)

Si virusi. Waliokizima ni Google wenyewe. Swali hili limenifikia mara nyingi mno, kwa hiyo leo nalijibu kwa kirefu na naomba lisirudi.

Zamani kiendelezi, yaani programu ndogo unayoiongeza kwenye kivinjari kama hicho kizuizi chako, kilikuwa kama askari getini. Kila ukurasa ulipotaka kuvuta kitu kutoka seva fulani, iwe picha, video au kijiprogramu cha kukufuatilia, askari alimkagua mgeni na kuamua palepale: pita, au rudi ulikotoka. Kanuni mpya za Google kwa viendelezi vya Chrome, Manifest V3, zimemwondoa getini. Sasa anaandika tu orodha ya wasiotakiwa na kuikabidhi kwa Chrome, na Chrome ndiyo inayosimama mlangoni. Orodha yenyewe ina kikomo, na mgeni akibadili shati hakuna wa kumtambua. Raymond Hill, aliyetengeneza uBlock Origin, ametoa toleo jepesi linalofuata kanuni hizo, uBlock Origin Lite. Liweke, linafanya kazi, ila nguvu zake si zile ulizozoea.

Google wanasema ni kwa ajili ya usalama na kasi. Hoja ya usalama ina uzito. Mnakikumbuka kiendelezi cha The Great Suspender? Kiliuzwa kwa mmiliki mpya, na mwaka 2021 Google wakakiondoa kwa kuwa na programu hasidi. Lakini angalieni vizuri: hata chini ya kanuni mpya, kiendelezi ulichokipa ruhusa bado kinaweza kutazama kurasa unazofungua. Kilichonyang'anywa ni uwezo wa kuzuia papo hapo. Kutazama ruksa, kuzuia marufuku! Na mwandishi wa kanuni ni kampuni ambayo mwaka 2023 zaidi ya robo tatu ya mapato yake yalitokana na matangazo. Mimi siwezi kuuita huo usalama wangu.

Naweza kukirudisha? (Msomaji, Mbale)

Kwenye Chrome, hapana. Mlango wa mwisho ulifungwa 2025. Mtu akikutumia faili la "toleo la zamani" kwa WhatsApp, lifute.

uBlock na uBlock Origin si kitu kimoja? (Msomaji, Jinja)

Hapana, wamiliki ni tofauti. Tafuta neno Origin.

Nimetafuta viendelezi kwenye Chrome ya simu, sivioni. (Wasomaji watatu, Arua na Gulu)

Hamtaviona. Chrome ya Android haina viendelezi, na nimeshasema hivyo kwenye safu hii. Pakueni Firefox, kivinjari kingine, fungueni menyu, tafuteni uBlock Origin, wekeni. Ni kazi ya dakika mbili. Kwenye Firefox askari bado yuko getini.

Hapa ndipo jambo hili linaponiuma, kwa sababu wengi wetu tunaingia intaneti kwa simu na kwa bando la siku. Juzi nilikaa na mpwa wangu akisoma habari za mpira. Video ya matangazo ilianza kucheza yenyewe chini ya skrini, akaifunga, ikajifungua tena juu. Tulipoweka kizuizi na kuufungua ukurasa uleule, namba ya vitu vilivyozuiwa kwenye kialama chake ilipita 40 kabla hajamaliza aya ya pili. Vitu arobaini ambavyo hakuviomba! Na kumbukeni kwamba hapa Uganda tangu Julai 2021, ile kodi ya mitandao ya shilingi 200 kwa siku ilipofutwa, data tunayonunua inatozwa ushuru wa asilimia 12. Kwa hiyo tangazo linakula bando, na bando hilo tumelilipia kodi.

Asiyetaka Firefox na ana Android 9 au zaidi, aingie kwenye mipangilio, sehemu ya DNS ya faragha (DNS ndiyo inayoitafutia simu anwani ya kila tovuti), aandike dns.adguard-dns.com, seva inayokataa kutoa anwani za matangazo. Njia hii haiondoi matangazo ya YouTube, na ajue kwamba mwenye seva hiyo huona majina ya tovuti anazofungua.

Kuzuia matangazo si kuwanyima waandishi riziki? (Mwalimu, Masaka)

Mwalimu, swali lako ni la haki. Gazeti ninalolithamini nimeliruhusu kwenye kizuizi changu, nawe fanya hivyo. Ni kubofya mara moja. Lakini tangazo la redio halimalizi betri yako wala halikufuati mpaka nyumbani kujua umetafuta dawa gani. Haya ya mtandaoni yanafanya hivyo. Mwenye simu ndiye mwenye haki ya kusema nani aingie.

Firefox nao watatugeuka lini? (Msomaji, Ntinda)

Mozilla, wanaotengeneza Firefox, wamesema wataendelea kuruhusu uzuiaji wa kizamani, na mpaka sasa wametimiza. Ila sehemu kubwa ya mapato yao hutoka kwa Google, wanaowalipa ili injini yao ya utafutaji iwe ya kwanza kwenye Firefox. Hilo linanitia hofu. Ndiyo maana kwenye laptopu yangu nimeweka pia Brave, ambayo kizuizi chake kimejengwa ndani ya kivinjari chenyewe na hakisubiri ruhusa ya duka la viendelezi la mtu yeyote.