Assisi kwa Siku Moja: Panda kwa Basi, Shuka kwa Miguu

Ukiwa Roma na umebakiwa na siku moja isiyo na ratiba, nenda Assisi, mji wa Mtakatifu Fransisko, mwanzilishi wa utawa wa Wafransisko. Nimekwenda huko kuhiji, na nimewapeleka ndugu na marafiki. Ushauri wangu mkubwa ni mmoja: panga siku yako kwa kufuata mteremko wa mji. Assisi umejengwa ubavuni mwa Mlima Subasio, na anayeanzia chini huishiwa nguvu kabla ya kufika alikokusudia. Anayeanzia juu hubebwa na njia yenyewe.

Wahi treni ya asubuhi na mapema pale Roma Termini. Zipo zinazokwenda moja kwa moja, na zipo ambazo ni lazima ubadilishe Foligno. Kwa vyovyote ni mwendo wa saa mbili na ushei. Tiketi ya karatasi ya treni za mikoa hugongwa kwenye mashine ya stesheni kabla ya kupanda. Mkaguzi akiikuta haijagongwa utatozwa faini, hata kama uliilipia. Nunua na ya kurudi hapo hapo.

Stesheni ya Assisi haiko mjini. Iko bondeni, katika kitongoji cha Santa Maria degli Angeli, kilomita kama nne kutoka mji wa kale. Kuba kubwa la kanisa la pale litakuvuta uanze nalo. Lipite kwanza, utalirudia jioni. Panda basi hadi Piazza Matteotti, kituo cha juu kabisa. Jumapili mabasi huwa machache, kwa hiyo angalia ratiba mapema.

Kutoka Matteotti ni hatua chache tu hadi San Rufino, kanisa kuu la jimbo, kilipo kisima cha ubatizo ambacho mapokeo yanasema walibatizwa Fransisko na mfuasi wake, Mtakatifu Klara. Chini yake kidogo ni Piazza del Comune, ambako nguzo za hekalu la Kirumi la Minerva bado zimesimama, na nyuma yake sasa ni kanisa la Bikira Maria. Hapa usikae sana. Santa Chiara, yaani basilika ya Mtakatifu Klara, hufungwa mchana, na ukikuta mlango umefungwa utapoteza saa mbili nzima za siku yako.

Ndani ya Santa Chiara nenda kwenye msalaba wa San Damiano. Umechorwa kwenye mbao, Kristo akiwa macho wazi, amezungukwa na watu wadogo wadogo, Mama yake na Yohane wakiwa ubavuni. Fransisko alikuwa akisali mbele ya msalaba huu aliposikia sauti ikimwambia aijenge upya nyumba ya Bwana. Ukae kimya pale hata kidogo. Kaburi la Klara liko chini, na ngazi zake zinapitika vizuri hata kwa wazee.

Mchana ndio wakati wa Basilika ya Mtakatifu Fransisko, kwa kuwa yenyewe haifungwi adhuhuri. Barabara inateremka taratibu hadi mlangoni. Mabega na magoti yafunikwe, picha haziruhusiwi ndani, na kimya kinasisitizwa. Kuingia ni bure. Itengee saa mbili, ikiwezekana tatu, hata kama itabidi uache mengine yote.

Ujenzi ulianza mwaka 1228, miaka miwili tu baada ya kifo cha Fransisko, na ni makanisa mawili, moja juu ya jingine. Anza chini kabisa, kaburini. Jeneza lake la jiwe lilifichwa kwa karne nyingi hadi lilipopatikana mwaka 1818; leo unaliona nyuma ya vyuma, ndani ya nguzo ya mawe makavu, na wenzake wanne wamezikwa kuizunguka. Shangazi yangu aliketi pale na rozari yake mpaka kikundi kizima cha mahujaji kikaingia na kutoka, na nisingethubutu kumharakisha. Ndiyo maana nasema usibane ratiba.

Katika kanisa la juu kuna picha 28 za maisha ya Fransisko, ambazo kwa kawaida huhesabiwa kuwa za mchoraji Giotto, ingawa wataalamu bado wanabishana. Wengi huzitazama ovyo. Anzia ukuta wa kulia karibu na altare, ufuate hadi mlangoni, kisha urudi kwa ukuta wa kushoto. Hapo kisa kinaeleweka hata bila kiongozi. Inua macho pia. Tarehe 26 Septemba 1997 tetemeko liliangusha sehemu za dari hili na kuua watu wanne, na mafundi walikusanya maelfu ya vipande vya michoro na kuvipanga upya kimoja kimoja.

Vijana watataka kumwona Mtakatifu Carlo Acutis, kijana Mwitaliano aliyefariki akiwa na miaka 15 na kutangazwa mtakatifu mwaka 2025. Mwili wake uko katika kanisa la Santa Maria Maggiore la hapo Assisi, na foleni inaweza kuwa ndefu. Eremo delle Carceri, mapango ya sala yaliyo juu mlimani, mimi singeyaingiza katika siku moja. Na kama huendi kwa ajili ya sikukuu yenyewe, epuka tarehe 4 Oktoba.

Jioni panda basi linaloshuka hadi Santa Maria degli Angeli. Chini ya lile kuba kuna kijikanisa cha mawe, Porziuncola, kidogo kiasi kwamba watu wachache tu hukijaza. Hapo ndipo utawa wa Wafransisko ulipoota mizizi, na hatua chache kutoka hapo ndipo Fransisko alipofariki jioni ya tarehe 3 Oktoba 1226. Stesheni iko karibu kwa miguu, hivyo unaweza kubaki ukisali mpaka treni yako ikaribie.