Fundi, nikifua usiku wa manane uniti zinapungua?

SWALI: Kaka fundi habari za kazi. Jirani yangu kaniambia vitu vya umeme vikitumika usiku wa manane uniti zinaenda taratibu kuliko jioni, basi siku hizi nafua na mashine na kupiga pasi saa 6 usiku watoto wakishalala, na kweli nikichungulia mita naona kale kataa kekundu kanawaka kwa kusuasua, sio kama jioni kanavyokimbia. Mume wangu anasema najichosha bure. Nani yuko sahihi hapo? Maana kama ni bure nilale zangu.
Mama wa watatu

JIBU: Dada yangu pole sana na kukesha. Wewe na shemeji kila mmoja ana kipande cha ukweli, ila kabla hujaendelea kupiga pasi saa 6 usiku tutenganishe mambo mawili ambayo watu wengi wanayachanganya: umeme unaotumia, na hela unayolipa.

Tuanze na umeme. Uniti moja ni wati 1000 zikitumika kwa saa 1, basi. Pasi ya wati 1000 ikivuta moto saa nzima bila kukata itakula uniti 1 iwe saa 8 mchana au saa 8 usiku, ni sawa na ndoo ya lita 20, ukichota alfajiri au magharibi ni lita 20 zile zile. Mita haina huruma na saa.

Sasa mbona kataa kanawaka taratibu usiku? Kwasababu jioni nyumba nzima imewashwa, taa kila chumba, tv, feni, friji inafunguliwa kila dakika, mtu anachemsha maji, simu zote zipo chaji, halafu usiku ukiingia vyote hivyo vimezimwa umebaki wewe na mashine yako, lazima mita iende kwa kusuasua, sio kwamba mashine yenyewe inakula kidogo. Ukitaka kuhakikisha fanya jaribio hili, ni rahisi. Zima kila kitu ndani hadi friji, chukua birika la umeme tia lita 1 ya maji ya kawaida, kaa mbele ya mita hesabu kataa kamewaka mara ngapi mpaka birika lijizime. Mita nyingi zimeandikwa usoni 1000 imp/kWh, yaani kataa kawake mara 1000 ndio uniti 1 imeisha, kwahiyo kwa lita moja utapata kama mara 100 hivi (kama mita yako imeandikwa 1600 itakuwa kama 160). Rudia saa 6 usiku na maji ya joto lile lile, utaona hesabu inakaribiana sana.

Kuna kitu kimoja kinachodanganya watu hapa, umeme mdogo. Jioni watu wengi wanapowasha kwa pamoja volti zinaweza kushuka, na kitu cha kuchemsha kama birika au hita nguvu yake inashuka haraka kuliko volti zenyewe, volti zikitoka 240 zikafika 200 birika linabaki na kama asilimia 70 tu ya nguvu yake, maji yanachelewa kuchemka, mtu anasema "jioni umeme unakula sana". Halili sana, linachukua muda mrefu kwa nguvu ndogo, uniti ni karibu zile zile, kinachoongezeka ni ule moto kidogo unaopotea hewani wakati unasubiri. Vitu vyenye mota kama friji na kiyoyozi ndio vya kuvionea huruma umeme ukiwa mdogo maana vinavuta mkondo mkubwa zaidi na kupata moto, vinaweza kuungua kabisa.

Haya tuje kwenye hela, na hapa ndipo jirani yako anaweza kuwa sahihi. Kuna makampuni ya umeme yanayouza kwa bei tofauti kulingana na saa. Uingereza wana mpango unaitwa Economy 7, upo tangu miaka ya 1970, mteja anapata saa 7 za bei nafuu usiku. Sababu yake inaeleweka, jioni watu wakirudi nyumbani wote wanawasha kwa mpigo na kampuni inalazimika kuwasha mitambo ya akiba, mara nyingi ya gesi au dizeli ambayo uendeshaji wake ni ghali, usiku wa manane mitambo hiyo inapumzika. Halafu usidhani nafuu ni usiku siku zote, California kule Marekani paneli za jua ni nyingi mno kiasi kwamba mchana umeme unazidi, saa za bei kali kwa wateja wengi wa mpango huo ni kuanzia saa 10 jioni hadi saa 3 usiku, hao wakifua saa 6 mchana ndio wamepatia.

Ila ili upate hiyo nafuu lazima vitu viwili viwepo, uwe umesajiliwa kwenye mpango huo, na mita yako iwe inatunza saa, yaani inahesabu uniti za usiku kivyake na za mchana kivyake. Kama unanunua tokeni na kila uniti inakatwa kwenye salio moja kwa bei moja, kukesha kwako hakukuletei hata senti. Na kama bei yenu inapanda kadiri uniti za mwezi zinavyozidi, hapo kinachoangaliwa ni jumla ya mwezi tu, saa haihusiki. Ipigie kampuni yako uulize neno moja: je kwenye mita yangu bei ya usiku ni tofauti na ya mchana? Wakisema hapana, lala dada yangu.

Wakisema ndiyo, usirukie bado, piga hesabu. Mipango hii mara nyingi inakupunguzia usiku halafu inakuongezea mchana. Chukulia bei ya kawaida ni 10 kwa uniti, mpango unakupa 6 usiku na 12 mchana. Ukitumia uniti 300 kwa mwezi na 100 kati ya hizo ni za usiku, utalipa 600 kujumlisha 2400, jumla 3000, sawasawa na aliyebaki na bei ya kawaida! Lazima uvuke theluthi moja usiku ndio uanze kuona faida. Friji inakusaidia kidogo maana inafanya kazi saa 24 yenyewe, kingine ni hita ya maji yenye tangi, na gari la umeme kwa mwenye nalo, hivyo ndio vitu vizito vya kuhamisha. Chaji ya simu ni ndogo mno, usihangaike nayo.

Nisimnyime jirani haki yake yote, kwa upande wa gridi kuhamisha matumizi kuna faida ya kweli. Umeme unaopotea kwenye nyaya unategemea mkondo kwa mraba, mkondo ukipungua nusu upotevu unashuka hadi robo, kwahiyo mtaa mzima ukipunguza matumizi ya jioni umeme unaopotea njiani ni mdogo na transfoma inapumua. Faida hiyo ni ya wote, mita yako haiioni.

Kama lengo ni kupunguza uniti zenyewe, angalia moto wa maji. Mashine ya kufulia kuzungusha ngoma sio tatizo, kinachokula ni kupasha maji: lita 10 kutoka nyuzi 20 hadi 60 ni karibu nusu uniti, ukiishia nyuzi 40 ni nusu ya hiyo, ukifua kwa maji baridi hiyo yote umeikwepa. Jaza mashine vizuri, piga pasi nguo nyingi kwa mara moja. Hivyo unaokoa saa yoyote ile. Na mashine ya kukaushia nguo usiiache inazunguka mmelala wote, vumbi la nguo likijaa kwenye chujio linaweza kushika moto na hakuna wa kuliona.

SWALI: Mimi nazima friji usiku saa 4 nawasha alfajiri, naokoa? Kijana wa getoni

JIBU: Kidogo sana mdogo wangu. Ukiwasha alfajiri mota inafanya kazi mfululizo kurudisha ubaridi wote uliopotea, unachookoa ni kiduchu tu, na chakula ndani kikipanda juu ya nyuzi 5 kwa saa kadhaa kinaanza kuharibika. Iache iwake, isogeze kidogo kutoka ukutani ipate hewa nyuma, na angalia mpira wa mlango: bana karatasi mlangoni uivute, ikitoka kirahisi badilisha mpira.