Swali: Lifti ya kwenda angani inajengeka kweli? Na kamba ikikatika?

SWALI: Salamu injinia. Nipo Nanyuki, nasoma uhandisi mwaka wa pili. Nimesikia kuna kampuni ya Japani inataka kujenga lifti ya kutoka baharini mpaka huko juu kwenye setilaiti, eti 2050 iwe inabeba watu. Inawezekana kweli ama ni stori tu? Ikikatika itamwangukia nani? Na kwa vile ikweta inapita hapa kwetu, mbona wasiijenge juu ya Mlima Kenya?

JIBU: Salamu mdogo wangu, swali zuri sana hili. Kazi yangu ni kukagua kamba za lifti na kreni, kusema hii iendelee ama ishushwe leo leo, kwa hiyo nitakujibu nikianzia kwenye kamba manake huko ndo shida yote iliko. Leza za kupeleka umeme, injini ya kupandia, gati la baharini, hayo yote ni magumu lakini watu wanayaweza. Kamba bado.

Kwanza jinsi inavyosimama. Setilaiti ikiwa juu ya ikweta kwa urefu wa kilomita 35,786 inazunguka dunia kwa saa 23 na dakika 56, sawasawa na dunia inavyojizungusha, kwa hiyo ukiwa chini unaiona imetulia sehemu moja. Sasa toka hapo shusha kamba mpaka chini, na nyingine ipeleke nje zaidi ili kusawazisha, mpaka jumla ifike kama kilomita 100,000. Ile sehemu ya nje inavutwa kutoka kama jiwe kwenye kombeo, ya chini inavutwa na dunia, kamba inakaa imekaza. Yaani haisimami kama mnara, inaning'inia. Mrusi Tsiolkovsky mwaka 1895 aliwaza mnara wa kufika huko, ila mnara ungejiponda wenyewe, ndo Yuri Artsutanov mwaka 1960 akaja na wazo la kushusha kamba kutoka juu, na Mmarekani Jerome Pearson akalirudia kivyake kwa hesabu kamili 1975. Hao Wajapani unaowasema ni Obayashi, walitangaza 2012: kamba ya kilomita 96,000, gari la watu 30 linalopanda kwa kilomita 200 kwa saa, siku saba na nusu mpaka kituo cha pale kilomita 36,000. Walikuwa wanataja 2025 kuanza ujenzi, mwaka huo umepita na hakuna kilichoanza kujengwa.

Fizikia yake haina kasoro, nataka uliweke hilo akilini kabla sijaanza kukukatisha tamaa.

Sasa njoo kwenye kamba. Chukua waya mzuri wa chuma, wa gigapaskali 2 (hicho ni kipimo cha nguvu ya kuvuta ambayo kitu kinaistahimili kabla hakijakatika), uning'inize bila mzigo wowote kisha uendelee kuurefusha, ukifika kilomita 26 hivi unakatika kwa uzito wake wenyewe. Ndo maana hata kwenye maghorofa marefu safari moja ya lifti ya kamba za chuma inaishia kama mita 500, na kampuni ya lifti ya Kone walipotoa mkanda wao wa nyuzi za kaboni mwaka 2013 shabaha ilikuwa hiyo hiyo, kupunguza uzito wa kamba ili wafike mita 1,000. Kevlar, nyuzi ngumu sana ya plastiki, inafika kilomita 250 hivi ndo inajikata. Na lifti ya angani inataka ngapi? Ukipiga hesabu ukakumbuka kwamba mvutano wa dunia unapungua unavyopanda na mzunguko unasaidia kubeba, zile kilomita 35,786 zinakuwa sawa na kuning'iniza kamba ya kilomita 4,940 hapa chini. Kwahiyo Kevlar imeachwa mbali, chuma usikitaje.

Kuna ujanja mmoja, kuifanya kamba iwe nyembamba chini na nene juu, ambako inavutwa zaidi. Ujanja huo unakubalika lakini una bei, manake unene unaongezeka kwa kanuni ya eksponensho, yaani kwa kuzidishwa na kuzidishwa, sio kidogo kidogo. Kwa Kevlar, eneo la mkato wa kamba kule juu linatakiwa liwe zaidi ya mara milioni 200 ya eneo la chini. Kwa ule waya wa chuma ni 1 ikifuatwa na sifuri 82, dunia nzima haina hata atomu nyingi kiasi hicho.

Tumaini lilikuja na nanotyubu za kaboni, yaani mirija midogo mno ya atomu za kaboni, ambazo Sumio Iijima alizielezea 1991. Tyubu moja moja kwenye maabara imepimwa mpaka karibu gigapaskali 100, na ni nyepesi sana. Ndo maana Brad Edwards alipofanyia NASA utafiti wake mwanzoni mwa miaka ya 2000 aliona jambo linakaribia. Lakini tyubu ndefu kabisa waliyoweza kuikuza Chuo Kikuu cha Tsinghua, China, mwaka 2013 ilikuwa nusu mita na kidogo. Mwaka 2018 hao hao wakapata kifungu kilichovuka gigapaskali 80, ila urefu ni wa sentimita. Ukizisokota kuwa uzi mrefu wa kawaida nguvu inaporomoka mpaka gigapaskali chache tu, manake tyubu hazijashikana, zinateleza moja juu ya nyingine. Na hata tyubu yenyewe haitaki dosari, watafiti wa Hong Kong Polytechnic walionyesha kwa hesabu za kompyuta mwaka 2016 kwamba atomu moja ikikaa vibaya nguvu inashuka kutoka gigapaskali 100 mpaka 40 hivi. Atomu moja! Sasa wewe unataka kilomita 96,000 zisizo na dosari.

Hapa ndo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu makala nyingi zinaishia kwenye nguvu ya nyuzi na kusahau jambo ambalo sisi wa kamba tunaamka nalo kila siku, sefti fakta, yaani kamba iweze kubeba mara ngapi ya mzigo wake. Lifti ya watu yenye kamba tatu au zaidi, kanuni za Ulaya zinataka kamba ziweze kubeba mara 12 ya mzigo. Kamba ya kreni ni kama mara 5. Sio uoga huo, ni kwa sababu kamba inachakaa, inapata kutu, inapinda kwenye puli, na kuna siku mtu ataipakia kupita kiasi. Lifti ya angani kwenye michoro mingi imepewa 2.

Wameipa 2 kwa sababu zaidi ya hapo haibebeki. Chukua nyuzi nzuri ambayo bado hatuna, gigapaskali 65, gramu 1.3 kwa sentimita moja ya ujazo. Bila ziada yoyote ya usalama, kamba ya juu inakuwa nene mara 2.6 tu ya chini, safi kabisa. Ukiweka 2 inakuwa mara 7. Ukiweka 5 kama ya kreni inaruka mpaka mara 128. Ukiweka 12, ile ya lifti ya ghorofa unayopanda kila siku, inakuwa zaidi ya mara 110,000. Unaona? Usalama tuliozoea huku chini ndo unaoua mradi. Kwa hiyo mtu akikwambia nyuzi imepatikana, muulize imepatikana pamoja na ziada ama bila ziada.

Na kukagua je? Kamba ya kreni tunahesabu waya zilizokatika, tunapima kipenyo, tunapitisha kifaa cha sumaku, ikizidi kiwango inashushwa na nyingine inapanda mchana huo huo. Kamba ya kilomita 96,000 ukiikagua kwa mwendo wa kilomita 200 kwa saa inakuchukua siku 20 kwenda upande mmoja tu, bila kusimama. Kuishusha hakuna. Wanapendekeza magari ya kupanda yawe yanabandika nyuzi mpya njiani, wazo zuri, ila lazima yabandike haraka kuliko inavyoharibika, na huko juu vya kuiharibu ni vingi. Kwenye kilomita mia kadhaa za mwanzo kuna oksijeni ya atomu moja moja inayokula kaboni taratibu. Chini yake kuna radi na upepo. Na juu yake takataka.

Takataka za angani nadhani sasa mnazielewa vizuri huko Kenya, tangu lile pete la chuma la kilo 500 hivi lianguke kijiji cha Mukuku, Makueni, tarehe 30 Desemba 2024, ambalo shirika la anga la Kenya lilisema ni kipande cha roketi. Sasa fikiria kamba imesimama wima mwaka mzima, na kila setilaiti iliyo chini ya ile obiti ya juu lazima ikatize usawa wa ikweta, kwa hiyo ukiipa muda wa kutosha kila kimoja kitapita pale kamba ilipo. Vile vya karibu vinakuja kwa kilomita 7 hivi kwa sekunde. Vikubwa vinafuatiliwa na rada, kwa hivyo gati la baharini linaweza kuisogeza kamba ikakwepa. Vya sentimita moja mbili havifuatiliki na viko kama milioni moja. NASA ilishaonja: mwaka 1994 walitoa kamba nyembamba ya kilomita 20 angani ikakatwa ndani ya siku chache, na wanaamini ni kitu kidogo tu kiliigonga. Mwaka 1996 nyingine ya urefu kama huo kutoka chombo cha anga cha Columbia iliungua na kukatika kwa cheche ya umeme, hiyo haikuguswa hata na kitu. Ndo maana mchoro wa Edwards ni mkanda mpana badala ya kamba ya duara, ukitobolewa tundu dogo unabaki umeshika.

Ikikatika, itategemea wapi. Ikikatika karibu na chini, kipande kifupi kinaanguka hapo hapo na sehemu yote ya juu inaondoka kwenda nje, walioko chini hawana hofu kubwa. Ikikatika karibu na kituo cha juu, kilomita 36,000 zinashuka zikielekea mashariki, zikijizungushia ikweta, na mzunguko wa dunia pale ni kilomita 40,075. Mkanda mwembamba wa kaboni nyingi yake itaungua ama itapepea kama utepe, cha kuogopa ni magari yaliyokuwa juu yake. Gari likiachia chini ya kilomita 23,000 hivi linarudi duniani. Juu ya hapo linabaki kwenye obiti, na abiria wanahitaji kuokolewa.

Abiria nao wana tatizo jingine kabla ya kuanguka, mionzi. Roketi inavuka mikanda ya Van Allen, ile mikanda ya mionzi inayozunguka dunia, kwa saa chache, lifti itakaa humo siku kadhaa. Kuta nene za kuzuia mionzi ni uzito, na uzito unarudi palepale kwenye kamba. Mimi ningeiruhusu mizigo tu.

Mlima Kenya sasa. Mita 5,199 kwenye safari ya kilomita 36,000 hazikusaidii kitu, na mlima hausogei kukwepa takataka. Bahari ndo bora, ya karibu na ikweta ambako vimbunga vikubwa ni nadra sana. Na pwani yenu ina historia, Waitaliano walirusha roketi kwenye jukwaa la San Marco pale Ngomeni, karibu na Malindi, kuanzia 1967 mpaka 1988, na tarehe 12 Desemba 1970 ikapaa kutoka hapo setilaiti ya Uhuru, ya kwanza kutengenezwa mahsusi kwa kupima miale ya eksirei za angani, ikapewa jina hilo kwa sababu ilikuwa siku ya uhuru wa Kenya. Kwa hiyo sehemu ya kufungia kamba mnayo, kamba ndo hatuna.

Mahali ambapo naamini lifti itajengwa kwanza ni mwezini. Mvutano wake ni moja ya sita ya wetu, hakuna hewa, takataka hakuna za kutaja, na nyuzi za Kevlar, au Zylon ambayo ni nyuzi nyingine ya aina hiyo, zinazouzwa leo zinatosha. Kamba inakuwa ndefu sana, inapita kilomita kama 56,000 kutoka mwezini mpaka pale mvutano wa dunia, wa mwezi na nguvu ya mzunguko vinaposawazika, kisha inaendelea kuelekea kwetu. Huo mradi ningependa kuuona.

Hesabu unaweza kuifanya mwenyewe kwa kila nyuzi mpya utakayosikia. Chukua gigapaskali zake, gawanya kwa gramu kwa sentimita ya ujazo, gawanya tena kwa sefti fakta. Kisha 48.5 igawanye kwa jibu hilo, jibu hilo jipya lipandishe kwa kitufe cha e^x kwenye kikokotoo, hiyo ndo mara ngapi kamba inanenepa. Ikitoka chini ya 100 kwa sefti fakta ya 5, na kipimo kimefanywa kwenye uzi wa kilomita nzima badala ya kwenye tyubu moja ya maabara, niandikie tena.