Dawa ipi inamweza funza wa mabua?

Mkuu, umeuliza ipi kali kati ya dawa mbili ulizouziwa, maana msimu uliopita ulipuliza na mahindi bado yakatobolewa. Kabla hujailaumu dawa, ulipuliza lini? Funza akishaingia ndani ya bua, dawa nyingi hazimfikii tena. Mpate akiwa mdogo, bado anatafuna majani machanga kwenye moyo wa mhindi na kuacha vitundu vilivyojipanga mstari.

Kujaribu si kazi ngumu. Gawa vipande vitatu: dawa ya kwanza, ya pili, na kimoja usikipulize kabisa. Hicho cha mwisho wengi hukionea uchungu (mimi pia niliona), lakini bila hicho utalinganisha na nini? Rudia mpangilio mara nne sehemu mbalimbali za shamba, na kila mara piga kura kuamua kipande kipi kipate dawa ipi. Vipimo chukua kwenye mistari ya mahindi ya katikati ya kila kipande tu, kwani upepo huhamisha dawa. Siku ya kuvuna pasua mabua 20 kila kipande, pima njia za funza kwa rula, kisha pima uzito wa punje.

Hakikisha pia si kiwavijeshi vamizi, kiwavi mwingine anayekula mahindi. Huyo ana alama ya Y iliyopinduka kichwani.